Barua kwa mwanangu: mwenye chombo na nahodha

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeniuliza yule mkuu wa komandi ya vikosi maalumu vya Marekani kwa Afrika, aliyeko Stuttgart, humtii nani: AFRICOM, yaani komandi ya Marekani ya kanda ya Afrika, au Tampa, makao makuu ya vikosi maalumu vyote vya Marekani? Ngoja kwanza nikupeleke jangwani Irani.

Tarehe 24 Aprili 1980 helikopta 8 ziliruka kutoka meli Nimitz kwenda kuwakomboa Wamarekani walioshikwa mateka Tehran. Zilikuwa za kusaka mabomu ya baharini! Mpango ulitaka zisipungue 6. Moja ilitelekezwa njiani baada ya taa ya onyo la mapangaboi kuwaka, nyingine ikarudi kwa vumbi, na kati ya 6 zilizofika moja haidroli imekufa. Zikabaki 5, safari ikavunjwa. Wakati wa kuondoka helikopta ikaivaa ndege ya mafuta, watu 8 wakafa. Vyombo vya wanamaji, ndege za jeshi la anga, makomando wa nchi kavu, na hawakuwahi hata mara moja kufanya zoezi zima pamoja. Bado hunichoma. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Marehemu babu yako hakuchoka kuisema, wala mimi sichoki.

Ndipo Bunge lao likapitisha sheria 1986, na Aprili 1987 komandi moja ya vikosi maalumu vyote ikafunguliwa Tampa. Komandi ndogo za vikosi maalumu zilizo chini ya wakuu wa kanda zilibaki kama watoto wa kambo: mkuu wa kanda alikuwa na manowari na vikosi vyake vikubwa vya kuvifikiria, na ofisa mzuri mara nyingi hakupelekwa huko. Ya Afrika ilizaliwa Oktoba 2008 katika hali hiyo. Mwaka 2013 zikakabidhiwa Tampa, lakini amri ya kila siku ya operesheni ikabaki kwa mkuu wa kanda. Kwa hiyo huyo wa Stuttgart kazi hupangiwa na AFRICOM. Watu, mafunzo na zana za kikomando hutoka Tampa.

Utanishika hapo: si manahodha wawili hao? La, Tampa ni mwenye chombo, AFRICOM ni nahodha. Ingawa mwenye chombo akiwataka mabaharia hao hao kwa safari nyingine... hapo hata mimi nasita.

Kama Wamarekani wana haki ya kuwa na askari Manda, hapo Lamu, walipouawa wenzao watatu mwezi Januari 2020, hukuniuliza. Nilikwisha andika mistari minne, mamako akaisoma, nikaikata. Ukija Idi, niulize barazani.

Babako