Ombudsmani wa familia za wanamaji halipwi mshahara
Je, ombudsmani wa familia za wanamaji hulipwa mshahara? Hapana, halipwi. Katika Jeshi la Majini la Marekani, vikosi vya akiba vikiwemo, ombudsmani wa familia, yaani kiungo kati ya familia za askari na kamanda, ni mtu wa kujitolea, kwa kawaida mke au mume wa askari, na huteuliwa na kamanda. Mpango huu aliuanzisha Admirali Elmo Zumwalt, mkuu wa jeshi hilo wakati huo, mwaka 1970. Anachorudishiwa ombudsmani ni gharama tu, kama za safari au za kumwachia mtu mtoto. Dada yangu aliifanya kazi hiyo: saa tano usiku simu sikioni, daftari la namba magotini, upande wa pili mama analia, anaishi mbali na kambi na hana jirani hata mmoja mwenye mume jeshini. Ila ombudsmani si mshauri nasaha. Husikiliza, kisha humwelekeza mtu panapohusika. Siri hutunzwa, lakini mtoto akidhulumiwa, ombudsmani lazima aripoti.