Mkoba wa viraka unaolegea

Dada, umeuliza kwa nini mkoba wako wa vipande vya vitambaa unalegea na mishono inajikunja. Mara nyingi chanzo ni kuchanganya jinzi nzito na vitambaa laini bila kuviimarisha. Kabla ya kuunganisha, vifue vyote na uvipige pasi, kisha vile laini vibandike kwa nyuma kitambaa cha gundi, yaani kile cha kuimarisha kinachoshika kwa joto la pasi. Acha sentimita 1 ya mshono pembeni mwa kila kipande, na kila ukimaliza mshono tandaza kingo zake mbili kwa pasi upande wa nyuma, usingoje mwisho. Hapo ndipo kazi nzuri huonekana! Bitana, yaani kitambaa cha ndani ya mkoba, iwe kipande kizima. Ncha za mishikio zishonwe kwenye mkoba kwa mshono wa mraba wenye alama ya X ndani yake. Mstari mmoja wa uzi hauhimili mzigo. Kama mkoba ni wa mteja anayetaka jina lake, lidarizi kwenye kiraka chake kabla hujakiunganisha.