Kuchambua Data Wakati Uigaji Bado Unaendelea: Ushauri kwa Wanaoanza

Wengi wanaoanza kazi ya uigaji, yaani kuiga kwa kompyuta tukio kama moto unaowaka, hudhani kwamba kompyuta kuu itahifadhi kila kitu, kisha wao watachora picha baadaye kwa utulivu. Hesabu inakataa. Gridi ya pande tatu, yaani nafasi iliyogawanywa katika vijisanduku viitwavyo seli, yenye seli 4,096 kwa kila upande ina seli takriban bilioni 69, na kwa kuwa kila namba huchukua baiti 8, joto peke yake hujaza zaidi ya gigabaiti 500 katika hatua moja ya muda, kabla hujaongeza shinikizo na kasi. Kompyuta kuu kama Frontier ya maabara ya Oak Ridge, Marekani, iliyovuka hesabu bilioni mara bilioni moja kwa sekunde mwaka 2022, huzalisha namba haraka kuliko diski zinavyoweza kuzipokea. Kwa hiyo huhifadhiwa hatua chache tu, na tukio la katikati hupotea.

Ndiyo maana zana kama Catalyst (ya programu ya kuchora data iitwayo ParaView) na Ascent huchambua data ikiwa bado kwenye kumbukumbu, na kinachoandikwa diskini ni picha au takwimu tu. Unafuu huo una gharama yake: usichokiomba mapema hutakipata. Andika maswali yako kabla ya kuwasha uigaji, na uhifadhi faili za kuanzia upya (hali kamili ya uigaji kwa wakati fulani) mara kwa mara, ili swali likizuka baadaye urudie kipande kimoja badala ya kazi nzima.

Mipaka ya rangi, yaani kiwango cha joto kinachowakilishwa na kila rangi pichani, iwekwe mapema pia. Ukiiachia programu ijichagulie katika kila hatua, nyekundu ya hatua ya 100 inaweza kuwa kelvini 900 na ya hatua ya 200 kelvini 1,400, nawe ukitazama video utaapa kwamba moto haukubadilika.

Kosa jingine, ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi kwa kuwa halionekani kwa macho, liko kwenye mipaka kati ya vipande vya gridi ambavyo prosesa hugawana. Kila prosesa hubeba nakala za seli za jirani zake, na zisipowekewa alama, histogramu (chati ya idadi ya seli kwa kila kiwango) huzihesabu mara mbili. Kwa hiyo usiridhike na jaribio la prosesa moja: endesha gridi ndogo kwa prosesa moja, kisha kwa nane, na ulinganishe jumla ya seli. Zikitofautiana, usiombe muda wa mashine kubwa kwanza.