Wadogo zangu mnaosoma uchumi wa Uingereza, kabla hujachora chati soma hapa

Jumamosi iliyopita mdogo wangu mmoja, kaingia Septemba hii kwa shahada ya uzamili, alikuja kwangu na kompyuta na rasimu ya sura ya tatu. Nilikuwa napika vitumbua. Akaniwekea chati mezani: Pato la Taifa la Uingereza, 1970 hadi 1980, mstari umesimama kama mnazi. Chini yake ameandika kwamba kile kilikuwa "kipindi cha ukuaji wa kasi". Nikazima jiko. Chati ile naijua, niliwahi kuichora mwenyewe, tofauti ni rangi tu.

Huu ni mwaka wa nne nasoma rasimu za wageni wetu na makosa ni yale yale. Nawapenda, ndiyo maana nasoma. Ila jamani, uvumilivu nao una mwisho. Leo nayaandika mahali pamoja, ili ukinitumia rasimu tuanzie mbele ya hapa.

1. Neno letu "Uingereza" linatuponza. Nchi nzima tunaiita Uingereza, na kile kipande ambacho wenyewe wanakiita England nacho tunakiita Uingereza. Jedwali la takwimu halijui Kiswahili. Kuna la England peke yake, kuna la England na Wales, kuna la Great Britain, ambalo linaingiza Scotland, na kuna la United Kingdom, linaloongeza Ireland ya Kaskazini. Mwaka juzi kaka mmoja alichukua thamani ya uzalishaji ya United Kingdom akaigawa kwa idadi ya wafanyakazi wa Great Britain. Tija ikapanda vizuri sana, maana Belfast nzima, huko Ireland ya Kaskazini, ilikuwa inazalisha bila mfanyakazi hata mmoja. Soma kichwa cha jedwali mpaka neno la mwisho.

2. Fungu na kiasi ni vitu viwili. Kila mwaka napokea tasnifu ya "kifo cha viwanda". Ni kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vilikuwa karibu asilimia 30 ya uchumi na leo ni kama asilimia 10. Ajira ndiyo iliyoporomoka hasa: katikati ya miaka ya 1960 viwanda viliajiri watu zaidi ya milioni 8, leo hawafiki milioni 3. Lakini bidhaa zinazotoka viwandani, ukiondoa mfumuko wa bei, si chache kuliko za wakati ule. Zinatengenezwa na mashine nyingi na watu wachache, huku huduma zikikua haraka zaidi.

Nendeni Sunderland mkaone, nauli ya basi si kubwa. Wengi mnaijua kwa mpira tu. Uwanja wa Stadium of Light umejengwa mahali palipokuwa na mgodi wa makaa wa Wearmouth, uliofungwa 1993, na nje wameweka sanamu kubwa ya taa ya mchimbaji. Maji ya mto yanapita hapo chini, na viwanda vya meli vilivyokuwa kandokando yake vilifungwa kabla ya mgodi. Kisha ukipanda basi kutoka nje ya mji unakuta Nissan, waliofungua kiwanda mwaka 1986, na magari mapya yamepangwa uwanjani hadi macho yachoke. Nilisimama mbele ya ile taa na mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya ardhi pale. Aliniambia mwanawe anaunganisha magari. Familia moja, na hiyo ndiyo sura yako ya pili nzima.

3. Bei za miaka husika. Hapa nitakaa, nivumilieni.

Tasnifu yangu ilihusu mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Nilitoka nyumbani Tanga wakati mazungumzo yote yalikuwa gesi ya Mtwara, nikataka kujua wenzetu walipopata mafuta uchumi wao ulifanya nini. Swali zuri, hata leo nalitetea. Nikaingia kwenye tovuti ya Ofisi ya Takwimu, ONS, nikapakua YBHA. YBHA ni msimbo wa Pato la Taifa kwa bei za mwaka husika, ABMI ni wa lile lililoondolewa mfumuko wa bei. Mimi nilikuwa naona herufi tu. Kichwa cha safu nilikitafsiri kichwani kuwa "bei za sasa", na kwa Kiswahili changu "sasa" ni leo. Nikaamini kabisa kwamba pauni za 1975 zimeshageuzwa kuwa pauni za leo, yaani kazi ya kuondoa mfumuko nimefanyiwa. Kumbe "sasa" yao ni ya mwaka ule ule uliohesabiwa, na mfumuko wote umo ndani.

Nikaona kati ya 1974 na 1975 pato limeruka kwa takriban robo. Robo nzima! Na mafuta ya kwanza yalifika pwani Juni 1975. Moyo ulinidunda. Nikaandika kurasa 22 juu ya mruko ule, na nilivyozipenda kurasa zile! Nikamtumia msimamizi zikiwa zimebaki wiki tatu za kuwasilisha, nikalala usingizi mzito.

Msimamizi wangu alikuwa mama mtu mzima, aliyekulia humu humu nchini katika miaka hiyo. Aliniita, akaweka chati katikati yetu, hakuwasha hata kompyuta. Akaniuliza: mwanzoni mwa 1974 viwanda viliruhusiwa umeme siku ngapi kwa wiki? Nikajibu tatu, hilo nilikuwa nimelisoma. Akauliza: mwaka 1975 bei zilipanda kwa asilimia ngapi? Sikujua. Akasema ni zaidi ya 24. Kisha akauliza, kwa upole kabisa: kama uchumi ulikuwa unachanua hivi, mbona mwaka uliofuata Denis Healey alikwenda kuomba mkopo IMF? Akanisimulia Waziri wa Fedha yule alivyofika uwanja wa ndege wa Heathrow Septemba 1976, akageuzia njia hapo hapo kwa sababu pauni ilikuwa inaanguka, na mwisho nchi ikakopa dola bilioni 3.9. Yeye wakati wa ile migao ya umeme alikuwa anafanya kazi za shule kwa mshumaa. Na mimi nimemletea kurasa 22 za neema.

Niliporudi chumbani nikafungua ABMI. Uzalishaji ulisinyaa 1974, ukasinyaa tena 1975. Kilichopanda kwa robo ni bei. Mafuta yenyewe mwaka ule yalikuwa yanaanza kudondoka tu, kilele chake kilikuja 1999.

Nilikuwa na tiketi ya kwenda harusi ya dada yangu. Sikwenda. Vigelegele nilivisikia kwa simu, nimesimama kwenye korido ya maktaba, mama ananiambia hebu ongea na bibi harusi, na mimi sauti haitoki. Ndiyo maana nikiona mnazi ule kwenye chati ya mtu nazima jiko.

4. Huduma ni karibu asilimia 80 ya uchumi huu, na benki za London ni sehemu tu. Najua Big Bang ya Oktoba 27, 1986 ina mvuto, siku soko la hisa la London lilipolegezewa masharti na kufunguliwa milango, na baadaye maghorofa ya Canary Wharf yakaota palipokuwa gati za meli. Iandikeni. Lakini muuguzi, mwalimu, wakili, kinyozi, mwandishi wa programu, wote wamo humo. Na wewe pia umo: ada uliyolipa kutoka Nairobi au Dodoma inahesabiwa Uingereza kama mauzo ya nje, sawasawa na Tanzania inavyomhesabu mtalii wa Serengeti. Nimeshawaambia wangapi hili, na bado wanaandika kwamba nchi hii "haiuzi kitu".

5. Msianzie kila kitu kwa Margaret Thatcher, Waziri Mkuu anayelaumiwa kwa kufungwa kwa migodi. Makaa ya mawe yalifika kilele 1913, tani milioni 287, na wachimbaji zaidi ya milioni moja. Serikali ilipotaifisha migodi 1947 walikuwa wamebaki kama 700,000, na yeye anaingia madarakani 1979 walikuwa tayari chini ya 300,000. Mgomo wa wachimbaji wa 1984 hadi 1985 uliacha jeraha la kweli na uheshimiwe katika maandishi yako, ila historia ilianza mapema zaidi.

6. Andika tarehe uliyopakua data. Septemba 2023 ONS walirekebisha hesabu, na uchumi uliosemekana mwishoni mwa 2021 kuwa pungufu kwa asilimia 1.2 kuliko kabla ya korona ukageuka kuwa mkubwa kwa asilimia 0.6.

7. Mfumuko wa bei ukishuka kutoka asilimia 11.1 ya Oktoba 2022, bei hazijashuka, zinapanda polepole zaidi. Ukiandika kinyume nakurudishia rasimu siku hiyo hiyo.

Tukirudi kwa mdogo wangu wa Jumamosi. Nilimwambia abadilishe safu moja tu, atoe YBHA aweke ABMI. Akabonyeza, mnazi ukalala, na pale 1974 na 1975 pakatokea bonde. Akalitazama muda mrefu. Akasema, "Dada, sasa sura yangu inasema nini?" Nikawasha jiko, nikamsogezea sahani ya vitumbua, tukafungua faili jipya tukaanza na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973.