Pikipiki ya Mkononi: Anza na Usukani, Rangi Iwe ya Mwisho

Ukishakabidhiwa pikipiki ya mkononi, yaani iliyokwishatumika, na unataka kuibadilisha sura, roho inakimbilia rangi. Izuie. Kila kazi itakayofuata, kuanzia kuchomelea hadi kufungua nati iliyoganda kwa kutu, itaikwaruza tenki uliyolipia ipakwe rangi. Pikipiki tunazozizungumzia hapa ni zile za cc 125 hadi 150 zilizojaa mitaani kwetu: Boxer, TVS na za Kichina zenye injini aina ya CG (iliyoigwa kutoka Honda CG125). Nyingi kati yake zilikuwa bodaboda kabla ya kukufikia, zimebeba abiria wawili wawili na magunia ya mkaa, kwa hiyo uchakavu wake unaujua kabla hujaukagua.

Weka stendi kubwa, mtu akandamize nyuma gurudumu la mbele lining'inie. Zungusha usukani polepole kwa vidole viwili. Ukihisi unajikita katikati, kama unatumbukia kwenye kijishimo, beringi za stelingi, zile za shingoni mwa usukani, zimechimbika. Kisha shika shokapu za mbele kwa chini, vuta na sukuma. Mgongano mdogo unaosikika mkononi maana yake stelingi imelegea. Badilisha beringi hizo kwanza, kwa sababu usukani wowote utakaoufunga juu yake utakuvuta pembeni ukiwa kwenye mwendo.

Sasa usukani wenyewe. Bomba la usukani wa pikipiki hizi kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 22, hivyo wa kufaa haukosekani dukani. Shida ni nyaya. Usukani mrefu unazivuta, mfupi unazikunja. Ukishafunga, washa injini izunguke polepole bila kuongeza mafuta, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Injini ikipandisha mlio, waya wa mafuta umekuwa mfupi, na siku utakapokata kona kali pikipiki itaongeza mwendo yenyewe. Kama breki ya mbele ni ya diski, angalia na mpira wa breki: usiwe umekaza kama kamba ya hema. Usukani wa kuinama nao usiguse tenki wala kubana kidole gumba ukikata kona hadi mwisho.

Siti ndiyo inayobadilisha sura ya pikipiki kuliko kitu kingine, na ndipo fremu nyingi huharibiwa. Wengi wanataka mkia mfupi, basi fundi anakata mabomba ya nyuma ya fremu kwa grinda bila kupima. Kabla ya kukata, pima urefu wa fito inayong'aa ya shokapu ya nyuma: huo ni takriban umbali ambao gurudumu linaweza kupanda. Toa shokapu, inua gurudumu kwa umbali huo, uone kama tairi litagusa siti au madigadi. Likigusa hapo, litagusa kwenye tuta la kwanza ukiwa na abiria. Usikate mbele ya sehemu shokapu zinaposhikwa, na usiruhusu mtu yeyote achomelee shingo ya fremu, pale usukani unaposhikwa. Kabla ya kuchomelea popote, toa tenki kabisa, chomoa betri na CDI (kifaa cha kielektroniki kinachoamuru cheche ya plagi), na waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea ubane karibu na pale panapochomelewa. CDI iliyounguzwa na welding haionyeshi dalili kwa macho. Pikipiki inakataa kuwaka tu, na fundi anaanza kubadilisha plagi bure.

Sponji la godoro usiliweke kwenye siti: linalala upesi, na utajikuta umekaa juu ya bati. Tafuta lile lililoshindiliwa la vipande vipande, unene wa sentimita 5 au 6, na juu yake tabaka jembamba laini. Weka nailoni kati ya sponji na kitambaa, maana mshono ulio juu ya siti unaingiza mvua, na sponji likilowa halikauki wiki nzima.

Umeme unahitaji subira zaidi. Katika pikipiki nyingi za aina hii taa kubwa inalishwa moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini bila kupitia betri, na umeme huo ni wa kupishana (AC), tofauti na wa betri. Ukiunga LED ya volti 12 ya betri kwenye waya huo, itapepesa kisha itakufa. Chukua umeme kwenye betri kupitia fyuzi na relei (swichi inayowashwa kwa umeme), na relei iamshwe na waya unaopata umeme funguo ikiwashwa tu. Taa mbili za wati 20 zinakula kama ampea 3.3, hivyo fyuzi ya ampea 5 na waya wa milimita 1.5 za mraba vinatosha. Kisha weka mita kwenye betri, injini ikizunguka kwa kasi ya kati na taa zote zikiwaka. Volti 13.5 hadi 14.5 ni nzuri. Ikisoma chini ya 13, taa zinakula betri na asubuhi utapiga kiki.

Maungio ya kusokota na kuzungushia selotepu chini ya tenki hayadumu: joto linayeyusha gundi, maji yanaingia. Unganisha kwa risasi ya kuchomea nyaya, funika kwa mpira wa kusinyaa, na pale shingoni acha waya ulegee kidogo. Indiketa za LED zikipepesa haraka mno, badilisha flasha (kifaa kinachozipepesa) uweke ya LED.

Bomba la moshi la wazi ukiliunganisha na kuondoa kichujio cha hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi na mafuta kidogo, plagi inatoka nyeupe na injini inachemka. Na vumbi la barabara zetu linakula ringi za pistoni. Acha kichujio mahali pake. Kama bomba lazima libadilike, panda saizi moja ya jeti kuu ya kabureta (kitundu kinachopitisha mafuta) kisha soma rangi ya plagi: ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Tairi pana nalo likae na rimu inayolifaa. Kwenye rimu nyembamba linavimba katikati na linaweza kusugua cheni.

Ndipo rangi. Msasa namba 240 uondoe kutu, 400 ulainishe, praima, rangi, halafu kliya (vanishi angavu) yenye hadena, dawa ya kuigandisha. Rangi ya kopo isiyo na hadena inalainika petroli ikimwagika karibu na mfuniko. Namba ya fremu shingoni ifunike kwa selotepu ya karatasi: usiipige msasa wala usiizibe kwa rangi, kwa maana namba inayosomeka vibaya inakufanya mshukiwa. Na kwa kuwa rangi imeandikwa kwenye kadi ya usajili, peleka mabadiliko TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Kwa Kenya ni NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani).

Vipande vya asili vihifadhi kwenye boksi, atakayeinunua baadaye ataviulizia. Baada ya kilomita 100 kaza upya nati za usukani, siti, shokapu na bomba la moshi, injini ikiwa imepoa.