Mkopo wa halmashauri kwa mgonjwa wa akili

Pole dada. Unasema mtendaji amekukatalia fomu ya mkopo wa watu wenye ulemavu ya kaka yako mwenye skizofrenia eti "mbona anatembea vizuri". Mwambie Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataja na sababu za kiakili, si miguu na macho tu.

Ila ile asilimia 2 ya mapato ambayo halmashauri hutenga kwa watu wenye ulemavu ni mkopo usio na riba, unarudishwa. Kama biashara yake ya dagaa pale Kirumba haijaanza kumlipa, usimharakishe kukopa.

Anzeni hospitali ya Bugando kwa daktari wake. Barua iwe na muhuri na ieleze ugonjwa unavyomzuia kufanya kazi. Ya mdogo wangu iliandikwa "anatumia dawa", basi, tukarudishwa. Kisha nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, na kaka aongee mwenyewe.