Rejesta imevimba: maswali yenu kuhusu vitabu vya zamani vya kanisa

SWALI: Shikamooni wahariri. Mimi ni katibu wa parishi ya Anglikana huku Njombe. Rejesta zetu za ubatizo, kipaimara na ndoa tangu enzi za wamisionari zimo kwenye sanduku la bati ofisini kwa padre. Masika haya tumefungua tukakuta mbili zimevimba, kurasa zimegandana na zimeota ukungu wa kijani. Mzee mmoja wa kanisa anasema tuzianike juani, mwingine anataka tuzipeleke mjini zikapigwe plastiki. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba, katibu. Wazee wetu wanakitakia kitabu mema, lakini msifuate hata moja. Juani karatasi hukauka upande mmoja kabla ya mwingine na kupinda, ngozi ya jalada hukakamaa, wino hupauka. Kupiga plastiki ni kubaya zaidi, kwa sababu gundi yake huingia ndani ya karatasi kwa moto na haitoki tena. Isitoshe, wino mweusi uliogeuka hudhurungi mnaouona kwenye rejesta za zamani aghalabu ni wino wa chuma, ambao una asidi. Ukifungiwa ndani ya plastiki unaendelea kuila karatasi mpaka herufi zinadondoka na kuacha matundu.

Vitengeni vitabu hivyo viwili na vingine leo hii. Kitabu kilicholowa huanza kuota ukungu ndani ya saa 48 hivi, na vumbi la ukungu huhamia kwa jirani. Chagueni chumba chenye hewa inayopita. Feni iwepo, ila ielekezwe ukutani, isipulize kurasa moja kwa moja. Kitabu chenye unyevunyevu tu kisimamisheni wima, kurasa zikiwa zimeachana kidogo kama kipepeo. Kilicholowa chepechepe kilazwe, maana kikisimama uzito wa maji utaung'oa mshono. Wekeni tishu nyeupe isiyo na maua kila baada ya kurasa 10 au 20 na mbadilishe mara kadhaa kwa siku. Gazeti lisitumike, wino wake huhamia kwenye karatasi yenye maji.

Kurasa zilizogandana zisivutwe, wala kisu kisipite katikati. Nyingi huachana zenyewe zinapokaribia kukauka. Zikikataa, ziacheni hivyohivyo hadi apatikane fundi wa nyaraka. Ukurasa uliogandana bado una maandishi, uliochanika huenda umeyapoteza. Mkiona kazi imewazidi, funga kitabu kwa nailoni na kukitia kwenye friza. Ukungu hausongi mbele humo, nanyi mtapata wiki kadhaa za kujipanga.

Ukungu unafutwa ukiwa mkavu tu, umekuwa unga. Ukiwa mbichi unasambaa kama rangi. Tumieni brashi laini, nje ya jengo, mkipangusa kuelekea mbali na uso, na barakoa iwe ile nzito ya kuzuia vumbi. Dettol, spiriti na kitambaa kibichi viwekeni kando.

Sasa sanduku. Njombe usiku ni baridi kali na mchana jua linawaka, kwa hiyo hewa iliyofungiwa ndani ya bati hutoa jasho kila bati linapopoa, na jasho hilo hutiririka hadi kwenye vitabu vya chini. Ndiyo maana zimevimba mbili tu. Nunueni kipima unyevu kidogo cha dijitali. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 35 na 60. Ukipita 65 kwa siku nyingi, ukungu una karamu. Hamishieni vitabu kwenye kabati lenye matundu ya hewa, rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, na mgongo wa kabati uwe sentimita 10 kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje. Maboksi yasiyo na asidi ni ghali na yanaagizwa mbali. Kitambaa cha marekani kilichofuliwa mpaka wanga wote ukatoka kinafaa kabisa: kizungushieni kitabu, mfunge kwa utepe wa pamba, si kwa mpira. Vitabu vikubwa vilazwe kimoja juu ya kingine, visizidi vitatu. Na hosti (mkate wa ushirika), divai na mishumaa vihamie kabati jingine, maana panya hafuati rejesta, anafuata hosti.

SWALI: Huku Iringa tunaweka naftalini na majani ya mwarobaini kati ya kurasa ili kuzuia wadudu. Tunakosea?

JIBU: Ndiyo. Majani huacha madoa, na naftalini humwumiza anayesoma kuliko mdudu aliyejificha ndani ya jalada. Kitabu chenye matundu na unga mpya kifungeni kwa nailoni mbili, mkiikamua hewa, kikae kwenye friza ya nyuzi 18 au zaidi chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka kikae saa 24 bila kufunguliwa, ili umande utue kwenye nailoni na si kwenye karatasi. Mchwa ni jambo jingine, anatoka ardhini. Kila mwezi kagueni kuta nyuma ya kabati kama kuna vichuguu vya udongo.

SWALI: Naishi Mbeya. Babu yangu alibatizwa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, miaka ya 1930. Nimeambiwa vitabu vyote vya wamisionari vilipelekwa Uingereza. Niandike barua Oxford?

JIBU: Usianzie huko, ndugu yetu. Nyaraka za UMCA, misheni ya Kianglikana iliyofanya kazi ukanda huo na ambayo mwaka 1965 iliungana na shirika jingine la kimisionari kuwa USPG, ziko kweli Maktaba ya Bodleian, Oxford. Lakini kilichopelekwa ni kile ambacho ofisi ya London ilikipokea: barua, ripoti, picha, hesabu. Rejesta ya ubatizo ni kitabu cha kazi. Padre aliihitaji kila mtu alipokuja kufunga ndoa, hivyo kwa kawaida ilibaki parishini.

Kinachowapoteza wengi ni mipaka ya dayosisi. Babu yako alipobatizwa, Liuli ilikuwa chini ya Dayosisi ya Nyasaland (Malawi ya leo), ambayo kanisa lake kuu lilikuwa kisiwani Likoma, katika Ziwa Nyasa. Mwaka 1952 ikaundwa Dayosisi ya Tanganyika Kusini Magharibi. Mwaka 1971 ikazaliwa ya Ruvuma, ambamo Liuli imo sasa, ya Ruaha ikafuata mwaka 1990, na ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo ni ya kwenu Mbeya, mwaka 1999. Kila mgawanyiko, baadhi ya makabrasha huhama na baadhi husahaulika. Anza na parishi yenyewe, kisha ofisi ya Dayosisi ya Ruvuma, kisha Njombe, makao ya Dayosisi ya Tanganyika Kusini Magharibi. Oxford iwe ya mwisho, kama unatafuta habari za misheni na si jina.

Ukifika mbele ya rejesta, tafuta kwa jina la ubatizo pamoja na la baba. Majina yaliandikwa kwa sikio la mgeni, hivyo jaribu L na R, na H iliyopotea. Mwaka wa kuzaliwa wa mtu mzima usiuamini sana, mara nyingi ulikisiwa. Na hakikisha babu alikuwa Mwanglikana: ukanda wa Rungwe una Wamoravian tangu 1891, na hifadhi yao kuu ya nyaraka iko Herrnhut, Ujerumani.

SWALI: Simu ya megapikseli 12 inatosha kupiga picha rejesta zetu?

JIBU: Inatosha ukipiga ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa wa A4 kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kurasa mbili kwa pamoja zinadai milioni 17 na zaidi. Hapo maandishi madogo ya pembeni hayatasomeka. Simu iwe juu ya kishikizo, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45, flashi izimwe. Kitabu kisilazimishwe kulala bapa. Jalada liegemezwe kwa taulo zilizokunjwa. Piga kila ukurasa, hata mtupu, la sivyo kesho mtu atauliza nani ameurukisha. Nakala ziwe tatu, moja nje ya jengo la kanisa.

Si wazo jipya. Uingereza, tangu 1598, kila parishi ilitakiwa kumpelekea askofu kila mwaka nakala ya maingizo yake, na pale rejesta yenyewe ilipoungua au kuliwa na panya, nakala hizo ndizo zinazosomwa leo.

SWALI: Muumini anataka jina lake lirekebishwe kwenye rejesta ya ubatizo ya 1964, lifanane na kitambulisho chake. Nifute kwa rangi nyeupe?

JIBU: Hapana. Ingizo la kwanza libaki linasomeka. Padre aandike pembeni jina linalotumika sasa, sababu, tarehe na sahihi yake. Cheti kipya kitaje yote mawili.